Yoeli 2:25 mmeigeuza bei ya urejesho, acheni kuwala watu

Wakuu, leo nina hasira naomba mnivumilie. Huu mstari wa "nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige" umekuwa tangazo la biashara, kila mkesha ni urejesho urejesho, kila bahasha imeandikwa Yoeli 2:25, na watu wanaambiwa bila mbegu, yaani hela ya sadaka, hakuna kurudishiwa kitu. Mama yangu mdogo ameuza cherehani yake, ndiyo ilikuwa inamlisha na watoto, hela yote kaipeleka madhabahuni.

Sasa fungueni Biblia jamani, kitabu chenyewe kifupi hata nusu saa humalizi. Anzeni sura ya kwanza. Tunutu, nzige, parare na madumadu, wote hao jamii ya nzige, wamekula kila kitu, mzabibu umekauka, mtini umekauka, na mstari wa 9 unasema sadaka ya unga na sadaka ya kinywaji zimekatika nyumbani mwa Bwana. Zimekatika! Hakuna mtu aliyekuwa na kitu cha kutoa. Sasa hao waliorudishiwa walilipa nini? Na ukiendelea 2:14 unakuta ni Mungu ndiye anayeacha baraka nyuma yake, hata hiyo sadaka inatoka humo. Yaani yeye anatoa kwanza nyie mnasema tutoe kwanza.

Kitu alichoomba kiko 2:12 na 13, nirudieni mimi kwa mioyo yenu yote, kwa kufunga na kulia, rarueni mioyo yenu wala si mavazi yenu. Hapo ndipo penyewe. Lakini toba haiuziki kwa hiyo inarukwa, mtu anatoka kwenye nzige anadondokea kwenye ahadi kama vile katikati hakuna kitu.

Halafu kinachoniuma zaidi, wanasema nzige ni shangazi yako, ni jirani, ni mchawi wa kijijini. Familia ngapi hazisalimiani kwa ajili hii? Mstari uleule wa 25 unamalizia "jeshi langu kubwa, nililotuma kati yenu". Langu! Mungu anasema aliwatuma yeye, ili watu warudi kwake, nyie mnamtafuta bibi wa watu mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Na wa kulia kwanza ni nani? Soma 2:17, makuhani, wahudumu wa Bwana, walie kati ya ukumbi na madhabahu waseme uwahurumie watu wako. Mimi hapa kwetu sijawahi kuona mchungaji analia kwa ajili ya dhambi zake kwenye huo mkesha wa urejesho, naona anashika maiki anataja viwango, wa laki wapite huku wa elfu hamsini wakae kule.

Kama kuna mtumishi humu anayefundisha hivyo aje hapa na aya yake, aoneshe ni wapi watu wa Yuda, hao Yoeli aliokuwa anasema nao, walitozwa hela ndio mvua ikanyesha. Kitabu kina sura 3 tu kwenye Biblia zetu, hakuna pa kujificha.