Mteja wa Uingereza anataka kunizidishia hela, nitume mzigo?

Wakuu, habari zenu. Nachonga na kuuza vinyago vya mpingo pale Mwenge, Dar. Wiki iliyopita nilibandika mtandaoni picha za vinyago 6, juzi akaniibukia mteja anayesema yuko Uingereza. Hajaomba punguzo hata senti. Hajauliza urefu wala uzito, na kile cha ujamaa (cha watu waliobebana kama mnara) peke yake kinafika kilo 12! Mzungu anayekuja kibandani hukigeuza mpaka kitako aone kama ni mpingo kweli au kimepakwa kiwi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni malipo. Anasema atatuma hundi ya pauni 1,900 wakati bei yangu ni 1,100, halafu hiyo 800 nimtumie wakala wake wa usafirishaji kwa simu, namba ya hapa hapa Bongo. Nikamwambia alipe benki kwa benki, akadai yuko kikazi melini, hawezi.

Dada wa benki kaniambia hundi ya nje inaweza kuonekana imeingia, halafu wiki kadhaa baadaye ikarudishwa na deni likabaki kwangu. Mke wangu naye anasema nachezea bahati, ada ya shule ya Januari hiyo.

Mliowahi kuuza nje, mlilipwaje? Naweza kudai nusu iingie kwanza kabla sijafunga mzigo? Na huyo wakala nimpigie nimsikilizie, au nimpotezee tu?