Nyuki Kwenye Baiskeli ya Mama Zawadi

Kikundi: MAJIRANI WA KICHOCHORONI

Saa 1:50 asubuhi

Mama Zawadi: Majirani, habari za asubuhi. Naomba mtu yeyote asipite kichochoro cha nyuma ya kwangu. Nimetoka kuchukua baiskeli niwahi kazini, nakuta nyuki wameikalia. Si wawili watatu. Wamening'inia kuanzia kwenye kiti mpaka karibu na pedeli.

Mama Zawadi: [picha]

Dogo: Weeee! Hiyo yote ni nyuki??

Fundi: Pole sana Mama Zawadi. Kiti chenyewe hakionekani.

Baba Tumaini: Mwagieni mafuta ya taa, watahama wenyewe.

Jirani wa Geti Jekundu: Au moto. Fungeni matambara kwenye mti mrefu, muwashe.

Babu: Asiguse mtu. Narudia, ASIGUSE MTU.

Babu: Hao hawajahamia hapo. Wapo safarini, wametua kupumzika tu. Mzinga wao wa zamani umejaa, malkia mkongwe ametoka na zaidi ya nusu ya wafanyakazi, nyumba wamemwachia malkia mchanga anayelelewa. Kabla ya kutoka kila mmoja amejaza tumbo asali ya safari. Hapo walipo hawana sega, hawana watoto, hawana akiba. Nyuki asiye na nyumba hana sababu kubwa ya kupigana. Ila ukimmwagia mafuta umempa sababu, na hatakuja peke yake.

Baba Tumaini: Nimekuelewa Babu. Nafuta ushauri wangu.

Mama Zawadi: Sasa watakaa mpaka lini? Na mimi kazini naendaje?

Babu: Pengine saa chache, pengine siku mbili tatu. Mpaka wakubaliane pa kwenda.

Fundi: Mama Zawadi, pitia kwangu mlango wa mbele, nina baiskeli ya mteja niliyoimaliza jana, mwenyewe anaichukua Jumamosi. Ngoja nimpigie simu nimwombe ruhusa.

Mama Zawadi: Mungu akubariki Fundi.

Nesi: Shikamoo Babu, salamu kwenu wote. Kabla hatujasahau: watoto wabaki ndani, mbwa afungwe mbali, mashine ya kukatia majani isiwashwe leo, mtikisiko unawakera. Ukiumwa usimponde nyuki. Ondoka hapo, kisha toa mwiba haraka kwa namna yoyote ile, kwa sababu kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Na pale alipouma panabaki harufu ya kuwaita wenzake. Ukianza kuvimba uso au kubanwa pumzi, hospitali moja kwa moja, usisubiri kuona.

Dada wa Ghorofani: Hiyo harufu ni kweli inanukia ndizi mbivu? Niliwahi kusikia.

Nesi: Ni kweli. Ukiisikia hiyo harufu karibu na nyuki, ni wakati wa kuondoka.

Mwenyekiti: Asante Nesi. Nimeweka kamba na kitambaa chekundu pande zote mbili za kichochoro. Anayekwenda kisimani azungukie upande wa juu.

Saa 3:20 asubuhi

Dogo: Nipo dirishani kwa Mama Zawadi, kioo kimefungwa, msiogope. Babu ulisema wakubaliane. Kwani wanafanya kikao?

Mwalimu: Wanafanya, Dogo, na ni katika vikao vizuri kabisa duniani. Tazama juu ya uso wa kundi. Kuna nyuki anayekimbia huku anatikisa mkia?

Dogo: Ngoja

Dogo: YUPO! Anakimbia mstari mfupi anatikisika, halafu anageukia kulia anarudi mwanzo, anakimbia tena mstari uleule, anageukia kushoto. Anachora nane!

Mwalimu: Huyo ni mpelelezi. Ametoka kuona nyumba na sasa anawaeleza wenzake ilipo. Kundi kama hilo hutuma mamia ya wapelelezi, mara nyingi wale wakongwe waliokuwa wanatafuta maua. Kila mmoja akipata tundu linalofaa anarudi kulicheza. Nyumba ikiwa nzuri sana anacheza mizunguko mingi, ikiwa ya kawaida anacheza kidogo anaacha. Wanaomwona wanakwenda kukagua wenyewe, wakiridhika nao wanarudi kucheza. Hakuna anayekubali kwa kuambiwa tu.

Dada wa Ghorofani: Mwalimu, na malkia anasemaje?

Mwalimu: Malkia hana kauli hapo. Yumo katikati anasubiri. Uamuzi ni wa wafanyakazi.

Shangazi: Hapo nimewapenda.

Mwalimu: Niwape kisa kimoja ninachokipenda sana. Mwaka 1949, Munich, Ujerumani, kijana mmoja mtafiti, Martin Lindauer, aliona nyuki wanacheza juu ya kundi lililoning'inia nje. Zamani wote walidhani ngoma hiyo ni ya chakula tu, kama alivyoieleza mwalimu wake, Karl von Frisch, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Lakini hawa wa Lindauer walikuwa wachafu! Mmoja mweusi kwa masizi, mwingine mwekundu kwa vumbi la matofali. Nyuki aliyetoka kwenye maua huja na chavua. Masizi kayatoa wapi? Mji ulikuwa umebomolewa na vita, na wale walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka. Walikuwa wanatafuta nyumba. Baadaye Lindauer akawa anakimbia mitaani chini ya kundi linaloruka, ahakikishe kama kweli linafika pale alipokuwa amesoma kwenye ngoma.

Fundi: Mzee mzima anakimbiza nyuki mjini 😂 Huyo ningemtengenezea baiskeli bure.

Mwalimu: Sasa Dogo, tuisome na sisi. Mstari wa mtikiso unaelekea wapi?

Dogo: Unalala kulia. Karibu mlalo kabisa.

Mwalimu: Vizuri. Kwenye kundi, juu kunasimama badala ya jua. Akipanda wima anasema nyumba iko upande wa jua. Akilalia kulia, ni kulia mwa jua kwa pembe hiyohiyo. Saa hizi jua liko mashariki. Ukilitazama, mkono wako wa kulia unaelekea wapi?

Dogo: Kusini.

Mwalimu: Na mtikiso mmoja unachukua muda gani?

Dogo: Nimerekodi nikapunguza kasi ya video. Ni kama robo sekunde.

Mwalimu: Sekunde moja kwa makadirio ni kilometa moja. Basi ni mita mia mbili, mia tatu hivi.

Fundi: Kusini, mita mia mbili... hapo si kwa Shangazi?

Shangazi: Kwangu kufanyaje?

Mwenyekiti: Shangazi, hebu toka nje utazame darini.

Shangazi: Natoka

Shangazi: Jamani

Shangazi: Kuna tundu chini ya paa, pale lilipopita bomba la zamani. Nyuki wanaingia na kutoka. Mmoja anatembea pembeni ya tundu, anaingia, anatoka, anazunguka ukuta mzima, anaingia tena. Anapima!

Mwalimu: Anapima kweli. Wanapenda uwazi wa kama lita 40, mlango mdogo, na pawe juu kutoka ardhini. Shangazi, nyumba yako imepita mtihani.

Shangazi: Nashukuru kwa heshima lakini dari lina sanduku la nguo za harusi ya mwanangu.

Dogo: Kuna wengine wanacheza tofauti. Wanapanda karibu wima, na mtikiso wao mrefu, kama sekunde moja na nusu. Ila ni wachache.

Mwalimu: Hao wana nyumba yao mashariki, mbali zaidi. Ushindani unaendelea.

Saa 4:05 asubuhi

Babu: Sikilizeni. Ninataka kuwachukua niwaweke kwenye mzinga wangu mtupu, lakini si sasa. Nikiwachukua asubuhi, wapelelezi wote walio nje watarudi wakute kundi halipo, watahangaika hewani hapo kichochoroni. Jioni wote wamerudi. Kwa hiyo tunataka wasikubaliane mapema. Wakikuta tundu la Shangazi limezibwa, wataacha kulicheza, na kikao kitarudi nyuma.

Fundi: Nina wavu wa chuma na ngazi. Nakwenda.

Nesi: Mikono mirefu Fundi. Nguo nyeupe au za rangi nyepesi, nyeusi hawaipendi. Na usijipulizie manukato.

Fundi: Manukato na ngazi wapi na wapi.

Shangazi: Nimemshikia ngazi. Amefika juu.

Fundi: [ujumbe wa sauti, dakika 1]

Dada wa Ghorofani: Fundi andika, sisi wengine tupo kazini hatuwezi kusikiliza.

Fundi: Nimesema hivi. Walikuwepo kama sita. Wananipita sikioni wanaingia, hawana habari na mimi kabisa. Mmoja katua kwenye wavu wenyewe nilioushika, nikamwona vizuri: anafutafuta pembe zake kwa mguu wa mbele, taratibu, kisha akaruka. Nikasubiri watoke wote, nikagonga misumari minne. Sasa wanarudi wanatua kwenye wavu, wanatembea huku na huku wakitafuta mlango. Nimewaonea huruma.

Babu: Usijali. Nyumba wanapata, tena yenye mlinzi.

Saa 8:30 mchana

Dogo: Taarifa. Wa kusini wameisha, hakuna anayecheza tena. Lakini wa ile nyumba ya mbali wameongezeka. Niliowahesabu sasa hivi ni kumi na moja. Babu harakisha!

Babu: Mzinga nimeuosha, naupaka nta ya zamani ndani na kuusugua majani ya mchaichai. Harufu yake inakaribia sana ile ambayo nyuki wenyewe huitoa kuitana.

Mwalimu: Dogo, ukisikia mlio mwembamba wa juu na kundi linaanza kuchangamka, ujue wamekata shauri. Wanapasha misuli ya mabawa mpaka kama nyuzi 35 ndipo wanaruka.

Dogo: Kioo kimefungwa sisikii kitu!

Mama Zawadi: Na mimi niko kazini nasoma hapa moyo unadunda. Mfanyakazi mwenzangu ananiuliza nina mgonjwa.

Saa 9:15 alasiri

Dogo: Wingu limefunika jua. Wametulia. Ngoma imesimama.

Shangazi: Alhamdulillah.

Mwenyekiti: Manyunyu yameanza huku kwangu.

Babu: Vizuri sana. Mvua ikiwa hewani hawaondoki. Wanajipanga wa nje vichwa juu, mabawa yamefunika wa chini, maji yanateleza.

Dogo: Ndivyo walivyofanya! Kundi limekuwa laini juu, kama limepigwa pasi.

Saa 12:10 jioni

Mama Zawadi: Nimefika. Nipo dirishani na Dogo. Babu ameingia kichochoroni, nguo nyeupe, kofia yenye wavu, bomba la moshi mkononi. Fundi yuko nyuma yake naye amevaa ya akiba, suruali inaishia magotini 😂

Mama Zawadi: Babu ameweka sanduku la mzinga chini ya kiti. Anapuliza moshi kidogo sana.

Mama Zawadi: Fundi kashika usukani, Babu kashika kibebeo cha nyuma. Wanahesabu. Moja, mbili

Mama Zawadi: WAMEITIKISA. Wameanguka wote kwa mkupuo mmoja ndani ya sanduku!!

Baba Tumaini: Wameumwa??

Mama Zawadi: Bado wamesimama. Kuna wanaozunguka hewani wengi tu. Babu anafunika, ameacha mlango mdogo mbele.

Dogo: Jamani tazameni hii video. Kuna nyuki wamesimama mlangoni, wameinua mikia juu, wanapepea mabawa. Na walioanguka chini wanapanda mstari, wanaingia kwa miguu! Wanatembea kabisa!

Mwalimu: Wanaopepea wanasambaza harufu ya kuitana. Maana yake malkia yumo ndani. Angebaki nje, wote wangemfuata huko.

Nesi: Babu, Fundi, nani kaumwa?

Fundi: Mimi mmoja, kifundo cha mguu, pale suruali ilipoishia. Mwiba nimeshautoa. Naendelea vizuri.

Nesi: Paka maji baridi. Nakuja kukuangalia.

Saa 1:40 usiku

Babu: Giza limeingia, wote wamo. Nimefunga mlango kwa wavu na sanduku nimeshalifikisha nyumbani. Kesho alfajiri naufungua. Watu wa jirani na uzio wangu, siku mbili tatu hizi wataruka wakizunguka mbele ya mzinga, wanajifunza sura ya mahali. Msishtuke.

Dada wa Ghorofani: Na asali Babu? Tunaweka oda?

Babu: Punguzeni haraka. Hawa wanaanza kwenye ubao mtupu. Nta lazima waitoe mwilini mwao, na kila sega linagharimu asali nyingi. Malkia ajaze watoto, maua yatoe, waweke akiba yao. Mavuno ya kwanza nitawaachia wao.

Dogo: Naruhusiwa kuja kuwaona Babu?

Babu: Njoo. Simama pembeni ya mzinga, usikae mbele ya mlango wao. Njoo na Zawadi pia.

Mama Zawadi: Fundi, nimeona vitu vyeupe vidogovidogo kwenye kiti cha baiskeli, kama magamba.

Babu: Hiyo ni nta. Walishaanza kuitoa hata kabla hawajapata nyumba. Ikwangue uniletee, usiitupe.

Mwenyekiti: Kamba na kitambaa nimetoa, kichochoro kiko wazi. Asanteni wote.

Shangazi: Majirani, samahani. Nimepanda kuangalia lile sanduku la nguo. Nimeona mwanga unapenya upande wa jikoni. Kuna tundu la pili.

Fundi: Kubwa kiasi gani?

Shangazi: Vidole viwili.

Fundi: Nakuja na ngazi kesho saa moja asubuhi.