Maji ya kisima Makutupora yamekuwa ya chumvi: je, ni maji ya kale?

Mkulima wa Zabibu:
Salaam wakuu. Nalima zabibu kaskazini mwa jiji la Dodoma, upande wa Makutupora. Maji ya kisima changu kirefu yalikuwa matamu, lakini tangu kiangazi kilichopita yana chumvichumvi, na majani ya mizabibu yameanza kuungua kingoni. Maabara imenipa karatasi yenye namba za kloridi, sodiamu na floridi bila maelezo yoyote. Jirani yangu anashikilia kwamba maji ya chumvi ni ya kale, na yakiisha hayarudi. Je, kemia inaweza kutaja umri wa maji? Na isotopu zinaongeza nini?

Mpima Maji:
Ndugu, jirani yako amechanganya mambo mawili, kwa maana chumvi haitaji umri bali hueleza maji yamepitia wapi. Anza na kloridi, ambayo granaiti ya huko hutoa kidogo sana: nyingi huja na mvua, na maji yanapogeuka mvuke, kloridi hubaki udongoni. Tuseme mvua ya mwaka ni milimita 550 na ina miligramu 1 ya kloridi kwa lita, ilhali maji ya kisima yana miligramu 100. Basi sehemu moja tu kati ya mia, yaani milimita 5.5, ndiyo iliyopenya hadi chini. Namba hizo ni za mfano, na hesabu yenyewe huharibika chumvi ikitoka kwenye mashimo ya vyoo au mbolea. Kwa hiyo omba wapime naitreti pia, kwani zikipanda zote mbili pamoja utajua pa kutazama. Floridi hutoka kwenye mwamba, na kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mwanajiolojia Mstaafu:
Naongezea upande wa isotopu, yaani atomi za elementi ileile zenye uzito tofauti. Baadhi ya chembe za maji zina oksijeni-18 (oksijeni nzito) au deuteri (hidrojeni nzito), hivyo ni nzito kidogo, na maji yanapokauka zile nyepesi hutangulia kuondoka. Harmon Craig alionyesha mwaka 1961 kwamba maji ya mvua duniani hukaa karibu na mstari mmoja: ukipima kila moja kama tofauti yake na maji ya bahari, kwa sehemu za elfu, namba ya deuteri ni mara 8 ya ile ya oksijeni-18, ukijumlisha 10. Maji yaliyotuama mbugani na kupigwa jua kabla ya kuzama huuacha mstari huo. Yaliyookota chumvi njiani hubaki kwenye mstari. Tahadhari moja, ambayo hata wataalamu huisahau: mizizi inaponyonya maji huacha chumvi nyuma bila kubadilisha isotopu, kwa hiyo maji yaliyo kwenye mstari yanaweza kuwa na chumvi iliyorundikwa na miti tu.

Kwa umri, pima tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3 hivi. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliiongeza angani kuanzia miaka ya 1950, na ikikosekana kabisa kisimani, maji yalizama kabla ya hapo. Kaboni-14, ambayo ni kaboni yenye mionzi, hufika mbali zaidi, ila chokaa ya udongoni huyafanya maji yaonekane ya kale kuliko yalivyo.

Makutupora kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mvua kubwa kwa kawaida huwa na isotopu nzito chache, na alama hiyo hubaki kisimani. Kwa hiyo maji hurudi, ila si kila mwaka.

Mkulima wa Zabibu:
Nashukuru sana, wazee wangu. Sampuli naichukuaje?

Mpima Maji:
Endesha pampu mpaka joto la maji na kipimo cha chumvi vitulie, ndipo ujaze chupa hadi pomoni, bila kuacha hata povu moja la hewa, na ukaze kifuniko papo hapo, maana chupa iliyojaa nusu huendelea kukauka ndani kwa ndani na kukupa jibu la uongo. Chukua ya kisima chako na ya jirani siku moja.