Chura mkubwa wa bara: aliyekutana naye atueleze (tupeane uzoefu)

Mpemba wa Dodoma: Asalaam aleikum. Leo nimeona picha ya chura mkubwa, nikakumbuka shimo la choo tulilochimba Dodoma mwezi wa tisa. Micheweni kwetu kukavu, lakini ukavu ule sijauona. Chepe likagota kitu laini. Nikatoa donge limeviringwa ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, mwili mzima, isipokuwa matundu ya pua. Nikadhani mzoga. Nikalimwagia maji kuondoa udongo. Jioni jicho likafunguka! Nilitupa chepe nikapiga kelele. Mzee wa pale akanambia, "Yu hai, anangoja mvua." Lile ganda akalivua akalila.

Kijana wa Paje: Mie ningesoma Yasini nikaondoka.

Mama Karafuu: Hapana shetani hapo. Ngozi inajitabaka ili maji yasimtoke mwilini.

Fundi Bomba: Mie alining'ata kidole. Taya la chini lina ncha za mfupa kama meno, damu ilichuruzika. Na wanambia nyama yake tamu.

Mama Karafuu: Kaka, sisi hatumli chura, na hadithi imekataza hata kumuua.

Fundi Bomba: Nimesema nimekula? Soma vizuri.

Kijana wa Paje: Aking'ata mmwagie maji.

Fundi Bomba: Nilimmwagia, akazidi! Usivute mkono tu, utachanika.

Binti Singida: Acheni ugomvi, nina jambo linaniuma. Mvua zilikuja siku tatu zikakatika. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kidimbwi cheusi kwa viluwiluwi, na dume moja, kubwa kuliko jike, zaidi ya kilo 1, linamrukia kila anayekaribia. Tukaliita kichaa. Kidimbwi kikaanza kukauka. Asubuhi nikaliona linasukuma matope kwa miguu ya nyuma, linachimba mfereji kuelekea dimbwi kubwa. Maji yakapita, watoto wakafuata. Mwanangu hakujua, akalipiga jiwe. Lilikufa ndani ya mfereji wake. Nililia, na mpaka leo sijamsimulia mtu.

Kijana wa Paje: Subhanallah. Baba yule.

Mama Karafuu: Mwanao hana kosa, dada. Mfunze tu.

Fundi Bomba: Mpemba, wako ulimfanyaje?

Mpemba wa Dodoma: Nilimpeleka pembeni, nikalainisha udongo kwa ndoo mbili. Akaingia kinyumenyume, anazunguka taratibu, udongo unamfunika mgongo, kisha mdomo. Macho ndiyo yaliyozama mwisho.