Naomba ushauri: spika za mtumba, bajeti laki mbili, nipo Tabora

Wakuu, habari za majukumu. Nina amplifaya ya zamani ya wati 40 kila upande, nyuma imeandikwa omu 8 (ukinzani wa spika inazotakiwa kuendesha). Natafuta spika za kusikilizia sebuleni, chumba si kikubwa. Muziki wangu ni dansi la zamani, Tabora Jazz, Nyanyembe na wenzao, kwa hiyo magitaa na sauti za waimbaji ndiyo muhimu. Besi ya kutikisa madirisha nawaachia wenye baa.

Kwa fundi mmoja hapa mjini kuna jozi mbili. Za kwanza ni Wharfedale Diamond ndogo, laki na themanini. Za pili ni kabati kubwa za Sony, laki na ishirini, ila sponji ya ukingo wa wufa (spika ya besi) moja ukiigusa inabaki kidoleni kama unga. Nikisukuma koni taratibu inakwaruza ndani. Hapo si koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeshagusa sumaku?

Tatizo ni kwamba fundi anazijaribu kwa redio yake, besi imefunguliwa mpaka mwisho, na kubwa zinapiga kwa nguvu zaidi. Najua sikio hupenda chenye kelele, ndiyo maana nataka kwenda na amplifaya yangu na kusawazisha ukubwa wa sauti wa jozi zote mbili kabla ya kulinganisha.

Waliowahi kubadilisha sponji: kazi inadumu? Na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) naipimaje kama ni nzima, maana kwenye Diamond moja naisikia hafifu? Nikihamisha nyaya, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto, inatosha?