Maonyesho ya sanaa Mji wa Kale bila kuajiriwa: nianzie wapi?

Salaam wenzangu. Nataka kuratibu maonyesho ya wasanii wa kisasa wa Afrika na wa ughaibuni hapa Mombasa, kwa kujitegemea. Nyumba ipo Mji wa Kale, wiki 3, kazi 14, nyingi za karatasi. Nianze na nini?

Jibu:
Unyevu kwanza, ndugu yangu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji na kutoa chumvi. Karatasi ikigusana nao hujikunja, kisha huota ukungu. Bandika vipande vya koki vya sentimita 1 kwenye pembe za nyuma za fremu, hewa ipite. Kioo kisiguse mchoro. Na usihifadhi kazi kwenye nailoni iliyofungwa kabisa, jasho hubaki ndani. Katikati ya mchoro iwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni.

Jibu:
Kabla ya misumari, mkataba. Kila kazi iandikiwe vipimo, thamani ya bima, tarehe ya kurudi na nani analipa usafiri. Piga picha mbele, nyuma na pembe siku inapofika, msanii atie saini. Ugomvi mwingi huzuka kwa mkwaruzo ambao hakuna ajuaye ulitokea lini.

Jibu:
Kazi za kutoka nje ziombee forodha kibali cha kuingia kwa muda, la sivyo utadaiwa ushuru kama za kuuzwa.
Na andika! Okwui Enwezor, mratibu wa sanaa kutoka Nigeria, alianzisha na wenzake Nka, jarida la sanaa ya kisasa ya Afrika, mwaka 1994, miaka 8 kabla ya Documenta 11, maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani, aliyoyaongoza. Maonyesho yakishushwa, katalogi, yaani kitabu cha maonyesho, ndiyo hubaki.