Mrejesho: lile gogo la mkwaju lenye tundu

Wakuu, niliuliza kama gogo la mkwaju nililotoa Kondoa, lenye ufa na tundu la kuoza ubavuni, linafaa kukerezwa (kuchongwa kwa patasi huku mashine ikilizungusha) liwe chombo chenye uvungu au niligeuze kuni. Mkaniambia tundu liachwe wazi. Nimeliacha.

Gogo lilikuwa bichi, kwa hiyo kwanza niliacha kuta nene, kama sehemu ya kumi ya kipenyo: sentimita 2 kwa chombo cha sentimita 20. Nikakifukia kwenye mfuko wa karatasi uliojaa maranda, maana upepo wa kiangazi hapa Dodoma haukaushi mti, unaupasua. Kilipokauka kilikuwa kimepinda. Nikakikereza upya, kuta zikawa nyembamba.

Ufa niliuziba kwa vumbi la mkwaju huohuo na gundi nyepesi. Tundu nilikwangua uozo tu kwa brashi ya waya. Raha yake: unamulika tochi humo, unaona unene wa ukuta bila kubahatisha. Ila patasi ikinasa ukingoni mwake chombo kinaweza kupasuka, hivyo punguzeni mwendo wa mashine, vaeni kinga ya uso, msisimame mbele yake.

Bei msiniulize, mama mkwe ameshakichukua.